Risala ya Kina Mama Waliomsifu Njuguna Kortini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jemutai, kiongozi wa waendesha mashtaka, chifu wetu, majirani mliofika: hamjambo, na poleni kwa vumbi la Kiamunyi.

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Viti unavyoviona, pamoja na hema, ni vya Bwana Njuguna, mwalimu wa kwaya, aliyepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka kumi na miwili na ambaye bado anapata nafasi ya kutuhudumia. Mama wa mtoto huyo ni mwenzetu Wachuka. Yeye amekataa kiti. Ndiye yule aliyeketi kwenye nyasi.

HISTORIA YETU

Tuko wanachama ishirini, na kazi yetu kubwa ni kuzikana. Kwetu msiba bila viti ni aibu, na mwenye viti ni Njuguna. Kwa hivyo afisa wa probesheni alipokuja kusikia maoni ya jamii kabla ya hukumu, tulimpikia chai.

"Mathe, huyu mzee tabia yake iko aje?" afisa akauliza.

"Ako sawa tu, boss. Hana maneno na mtu."

Tukaandika barua ya kumsifu, tukatia sahihi watu kumi na tisa. Wachuka alikuwa hospitalini na mtoto. Hata angekuwepo, tungemwomba asituharibie chai.

MAFANIKIO

Barua yetu ilifanya kazi kuliko wakili. Hakimu aliisoma kwa sauti, akataja shinikizo la damu la Njuguna, watoto wake wanne na kipaji chake cha kuimba. Wachuka, kwenye benchi la nyuma, alingoja mtoto wake naye atajwe. Alitajwa mara moja, akaitwa "mlalamishi".

Kwa mtoto wa umri huo sheria inasema miaka isiyopungua ishirini. Njuguna alipewa mitatu, tena kifungo cha nje: afagie uwanja wa ofisi ya chifu. Tunaishukuru korti, maana uwanja huo haujawahi kupendeza hivyo. Na kwa vile lango la chifu linatazamana na lango la shule, mtoto alikuwa akimwona mfungwa wake akitumikia adhabu kila asubuhi. Njuguna alikuwa akimsalimia.

CHANGAMOTO

Mtoto ameacha shule. Wiki iliyopita Wachuka alikuja kwenye mkutano wetu, akasimama mlangoni bila kuvua leso kichwani.

"Siwaulizi mbona mnapenda Njuguna," alisema. "Nawauliza, mtoto wangu aliwakosea nini?"

Mmoja wetu akamwambia aachie Mungu. Wachuka akasema Mungu hakutia sahihi, akaenda zake. Tuliona haya, mgeni rasmi, na bado tunaona.

MAOMBI

Desturi ya risala ni kuomba barabara na tangi la maji. Leo hatuombi hata mfereji.

Siku za kukata rufaa zinaisha Ijumaa. Tunaomba ofisi yako iikate, adhabu iongezwe. Tunaomba pia afisa akija tena kuuliza maoni ya jamii, aanzie kwa Wachuka, na chai yetu aikatae.

Tumekuletea barua mpya. Ile ya kwanza ilisema tumemjua Njuguna miaka kumi na minane. Hii inaeleza tulichokijua. Mwaka jana, miezi miwili kabla ya mtoto huyu kuumizwa, watatu kati yetu tuliwatoa binti zetu kwenye kwaya yake, kimyakimya, tukisingizia masomo. Anayesoma risala hii ni mmoja wa hao watatu. Hatukumwambia Wachuka, na mtoto wake akabaki kwenye kwaya. Jambo hili analisikia sasa hivi, pamoja nawe.

Mungu akujalie ujasiri uliotushinda, na amponye mtoto huyu, hata kama sisi hatatusamehe.

Ni sisi,
Kikundi cha Kina Mama Tuinuane, Kiamunyi.
Imesomwa na Nanyama, katibu.