Ndizi za Tabinda

Kijiwe cha Gulmarg, milimani Kashmir, kiko nyuma ya kituo cha magari ya waya, kwenye benchi la msonobari lililoegemezwa kwenye kibanda cha muuza chai, Wali Samovari, na wenyewe huamini kwamba mlima mzima unaendeshwa kutokea hapo. Asubuhi hiyo theluji ilikuwa imekoma kuanguka. Wenye benchi lao walikuwa wamejikunyata ndani ya mapherani, yale makanzu mapana ya sufu, kila mmoja na kangri yake, chungu kidogo cha makaa, tumboni, wakisubiri kahwa, chai yao ya viungo na lozi, ichemke na mtu wa kubishana naye apite.

Akapita Tabinda. Alikuwa na theluji mpaka ndani ya masikio. Alizichomeka skii zake kwenye lundo la theluji mbele ya benchi, akaketi bila hata salamu.

— Zimezama tena, alisema. Pua inaingia chini, na mimi naifuata.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walijua habari ya kesho. Shule ya skii ilikuwa inatafuta mwalimu mmoja wa kike, na majaribio yangeanzia kileleni kwenye theluji laini ya kiunoni, yapite kwenye theluji yenye gamba la upepo, yashuke njia iliyoshindiliwa hadi kiwanja cha kurukia, penye vilima na bomba la kutelezea. Akikosa nafasi hiyo, shangazi yake kule Tangmarg alikwisha kumwekea sindano na uzi: atashona mapherani mpaka azeeke. Na skii alizokuwa nazo ni hizo tu. Aliachiwa na rafiki wa Uswidi, zikiwa hazina vifungio vya buti, akafungiwa na Asadullah, fundi wa karakana, ambaye kijiwe kizima humwita Bisibisi. Zilikuwa zimebinuka mno mbele na nyuma. Ukizilaza chini zinagusa katikati tu. Basi kijiwe kikaziita Ndizi.

Wa kwanza kukohoa alikuwa Profesa. Huyu ni mvuta sleji, na jina hilo alilipata siku alipomvuta profesa wa kweli mpaka hotelini.

— Skii ya kubinuka haizami, binti. Inaelea kama mashua. Ikizama, kosa ni la theluji. Theluji ya siku hizi haina mafuta.

— Theluji ina mafuta, Profesa? aliuliza Wali, akimimina kahwa.

— Ilikuwa nayo. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Bisibisi alisema tatizo ni Tabinda mwenyewe, anakaa nyuma kama abiria. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi na ainame mbele zaidi. Tabinda akamwambia kwamba leo kainama mpaka kala theluji.

— Hazina ubaya hizo, Bisibisi alishikilia. Wenzetu walizikunja mapema. Samaki mkunje angali mbichi, na samaki mwenyewe si huyo kachorwa hapo juu? Vifungio nimefunga mimi kwa mkono wangu. Nimepima, nikapima tena.

Wali akaleta yake. Kule Uswidi, alisema, majira ya baridi jua halionekani, kwa hiyo skii hizi zimelelewa gizani. Zikikutana na jua la Kashmir zinaona aibu, zinatafuta pa kujificha.

— Acha kamba, alisema Profesa. Zinachimba njia ya kurudi kwao. Mwacha asili ni mtumwa.

Hapo Tabinda alicheka, ingawa hakutaka. Aliwapenda wazee hawa, na ndiyo maana walimuudhi. Akajaribu kuwaeleza taratibu. Kwenye njia iliyoshindiliwa ncha zinapigapiga makofi, lakini hilo alilitegemea, maana kinachogusa ni kipande cha katikati; ukizilaza ubavu vizuri zinatulia. Kwenye gamba zilipaswa kupita juu juu, nazo zinanasa. Kisichomwingia akilini ni kiwanja cha kurukia. Akiruka na kutua kinyumenyume, Ndizi zinakwenda kama siagi kwenye mkate wa moto.

— Kinyumenyume ni michezo ya vijana, alisema Bisibisi. Mwalimu haendi kinyumenyume.

Na hilo likapita. Tabinda alitazama kikombe chake, lozi zikiwa zimetuama chini, akajiona tayari na sindano mkononi. Moyo ulimshuka kweli.

Ndipo akaja bibi arusi. Wa Gujarat, alisema jina lake Hetal, yuko fungate. Kavaa koti la manyoya la kukodi na mabuti ya mpira yaliyomzidi, na mumewe nyuma na simu tayari. Aliomba kupiga picha na skii.

— Chukua tu, dada, alisema Tabinda. Labda wewe zitakusikia.

Hetal akazing'oa, akazigeuza, akazigeuza tena.

— Samahani jamani, mbele ni wapi?

Profesa alinyoosha kidole upande huu. Wali akanyoosha upande ule. Wakatazamana, kisha wote wakamgeukia Bisibisi.

— Mbele, alisema Bisibisi, ni kwenye kichwa cha samaki.

Alilisema kwa sauti ya fundi, halafu sauti ikamwishia mdomoni. Tabinda alikuwa amekwisha kuzilaza skii kwenye benchi. Upande wa mkia wa samaki ulikuwa mpana zaidi na umebinuka zaidi, kama pua ya skii inavyotakiwa, lakini vifungio vya buti vilikuwa vimeelekezwa kichwani na karibu nacho, upande mrefu wa mkia wote ukibaki nyuma.

— Ami Asadullah, nani alikwambia samaki huyu anaogelea kwenda mbele?

— Samaki wote huogelea kwenda mbele, alijibu Bisibisi, akiinamisha uso ndani ya pherani.

Tabinda alijua ana haki ya kukasirika. Badala yake furaha ilimpanda kutoka miguuni, akacheka mpaka mumewe Hetal akasahau kupiga picha. Msimu mzima aliamini ni yeye asiyejua kuteleza. Wali akampa bibi arusi kahwa ya bure, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii hakuna aliyempinga.

Tabinda akafunga buti, akasimama ukingoni mwa mteremko ambao haujakanyagwa, akaugeuzia mgongo, akajiachia. Theluji laini ikampokea. Ndizi zikapanda juu yake zenyewe, zikaelea, na yeye akashuka kinyumenyume akiwa anakitazama kijiwe usoni. Aliwaona wazee wale, wasiosimama hata waziri akipita, wamesimama juu ya benchi wakipunga vikombe. Bisibisi hakuwemo. Alikuwa anakimbia kuelekea karakana, pherani imepandishwa magotini, kuifuata keekee yake avigeuze vifungio kabla ya kesho.