Mstari wa Nne katika Mpango wa Mwalimu Nyokabi

Ndugu, jamaa na marafiki, mtaniwia radhi nikisoma polepole. Mwalimu mwenyewe alisema haraka haraka haina baraka, na leo hakuna anayetukimbiza.

Marehemu Mwalimu Nyokabi Njuguna alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Ndeiya, Limuru, akiwa kifungua mimba wa mzee Njuguna na mama Nyambura. Mama alisimulia kwamba asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata mbuzi hawakuonekana, walisikika tu. Labda ndiyo sababu alikua mtu wa kuota mchana. Akitumwa kuni alirudi mikono mitupu, ila na habari za shule aliyoiona ndani ya wingu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973, na katika mtihani wa darasa la saba wa 1979 aliongoza. Mwaka uliofuata baba alivunjika mguu, karo ikawa kitendawili. Mdogo wake Kamande, mwenye miaka tisa, alitolewa darasa la pili akachunge ng'ombe wa jirani ili dada aende sekondari. Kamande hakulalamika, maana ng'ombe hawana mtihani. Lakini Nyokabi alilia siku ya kufunga sanduku, na jambo hilo hakulisahau.

Alihitimu ualimu mwaka 1986, akafundisha Kericho miaka ishirini. Huko alikutana na Lucas Chirchir, fundi wa mashine za kiwanda cha chai, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1990. Walijaliwa binti mmoja, Chebet. Lucas alikuwa akisema kwamba alioa mwalimu pamoja na ndoto zake, na kwamba ndoto hizo ndizo zilizounguza maharagwe. Bwana alimwita Lucas mwaka 2005.

Machi 2007 Mwalimu alikuja Guangzhou kununua nguo za watoto pale soko la Shisanhang na kuzituma nyumbani. Mwaka 2010 akamvuta mdogo wake. Kamande alijua kitambaa kwa vidole, hata akakuambia kitachanikia wapi, lakini kusoma hakujua. Kila karatasi aliipiga picha akamtumia dada, na dada akamrudishia sauti yake akiisoma. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili.

Siku zile watoto wa wafanyabiashara walikuwa wakirudi nyumbani na miaka kumi, wakakalishwa na wa miaka saba kwa kutojua kusoma Kiswahili. Mwalimu hakuweza kulivumilia hilo. Mwaka 2016 akafungua shule ya Jumamosi hapa Sanyuanli, ghorofa ya sita, juu ya ofisi ya mizigo. Bodi ikaundwa, yeye mwenyekiti, Pandu wa Unguja katibu. Mpango wao wa kwanza waliunakili kutoka shule moja ya nyumbani, neno kwa neno, hata mstari wa kuchimba kisima. Pandu alipotaka kuufuta, Mwalimu alikataa. Alikuwa ameota kisima hicho kiko pembeni mwa darasa, watoto wakiteka herufi kwa ndoo, nazo zikimwagika sakafuni na kung'aa. Pandu, mtu wa utaratibu, aliiandika ndoto hiyo kwenye kumbukumbu za kikao, chini ya Mengineyo. Ziko nyingine nyingi humo.

Korona ilifunga shule, ikafunguliwa tena 2023. Tarehe 2 Machi 2024 bodi ilikaa kupanga upya. Serikali zetu, ya Kenya na ya Tanzania, zote zilitaka mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu mapema. Mistari mitatu ikapita bila ubishi. Ndipo Mwalimu akaongeza wa nne: kabla ya Desemba, mtu mzima mmoja asome ukurasa mzima mbele ya watu.

Pandu alisema, "Mwalimu, serikali imetaja watoto. Watu wazima haikuwataja."

"Imesema asiachwe mtu nyuma," alijibu. "Mimi namjua mmoja aliyeachwa. Aliachwa kwa ajili yangu."

Jumamosi iliyofuata Kamande aliketi kwenye kiti kifupi, magoti yakigusa kidevu, karibu na Swalha, binti wa Pandu mwenye miaka minane, aliyemwonyesha mistari kwa kijiti cha kulia wali. Alijifunza. Lakini Desemba ilipofika alisema konteina linafungwa, laoban, yaani bosi, anamsubiri barabara ya Guangyuan Xilu. Mwalimu akafuta tarehe, akaandika Julai 2025. Julai Kamande alikuwa na kikohozi. Ukweli ni kwamba aliona haya, na dada yake alijua.

Wakati huo Mwalimu alikuwa ameanza kuumwa. Mwezi Mei aligunduliwa na saratani ya kongosho. Alilala hospitalini akitazama mawingu dirishani, akiwaita wanafunzi kwa majina. Wiki ya mwisho aliomba aletewe mpango wa bodi. Kwenye mstari wa nne alifuta Julai, akaandika kwa kalamu ya risasi: siku ya kuniaga. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Atazikwa Ndeiya Jumamosi ijayo, tarehe 22.

Ameacha binti yake Chebet, mdogo wake Kamande, watoto thelathini na wanne wa shule ya Jumamosi, na kisima ambacho bodi bado haijakichimba.

Wasifu huu ameuandika Kamande kwa mkono wake. Makosa yamesahihishwa na Swalha.

Dada, ni mimi niliyekuwa nikisoma. Ukurasa umekwisha, sikuruka hata neno. Pandu, andika kwamba mstari wa nne umetimia. Nawe, Nyokabi, sasa pumzika kwa amani.