Pihaziti Anastaafishwa kwa Kuketi Kivulini

Leo, sikukuu ya masika ikifungwa hapa Hattusa, mji mkuu wetu, Mjumbe Mkuu Pihaziti anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kupeleka Misri maneno ya mfalme wetu na kurudi na majibu. Waandaaji wa sherehe wameniagiza niandike kwamba amechoka. Hajachoka. Amefukuzwa, na mimi niliyesafiri naye sitaficha.

Alianza kama mchunga punda wa msafara, Kimisri akajifunza kwa kugombana na walinzi wa mpakani. Ndiye aliyewaleta waganga wa Misri wakamtibu malkia macho. Wamisri walipovicheka viatu vyake vyenye ncha iliyojikunja, aliwauliza kama kwao watu hupanda milima na ndala. Wakajicheka wenyewe, na bia ikaongezwa.

Safari hii tulitumwa kuokoa amani, maana kuna ngome ya mpakani ambayo kila mfalme anasema ni yake. Misri ikatusimamisha uani kwa Farao, mfalme wao, juani, tangu asubuhi, ndivyo wanavyofanya wakati wa ibada ya mungu wao wa jua. Adhuhuri mjumbe wa Babeli, mzee aliyesimama kando yetu, akaanguka. Pihaziti akamkokota hadi kivulini, akaketi naye, akamnywesha maji.

Ofisa mmoja akamfokea, "We mzee, simama! Unamtukana Farao."

"Mwanangu, nikisimama huyu atakufa," akajibu. "Mwambie bwana wako nitasimama huyu akizinduka."

Tukafukuzwa siku hiyohiyo bila kusikilizwa.

Sasa wakubwa wetu wanadai vita vinavyokuja vimeletwa na Pihaziti. Jamani! Tukiwa njiani kurudi, Hattusa ikiwa haijajua lolote, tulipishana na magari yetu ya vita yakiteremka kusini na chakula cha msimu mzima. Nani alikuwa anasubiri jibu letu? Walimtuma mtu mzima akaombe amani huku wao wameshaamua kupigana, kisha wanambebesha lawama. Ni aibu, na inauma.

Jana Mkuu wa Nyumba ya Wajumbe alimfuata kwake, mpole kama mtu aliyekuja kukopa unga, akamwomba apeleke tangazo la vita, kwa kuwa hakuna aijuaye njia kama yeye.

"Si mlisema nimechoka?" Pihaziti akamwambia. "Basi nimechoka." Akafunga mlango.

Tangazo nimepewa mimi, natoka alfajiri. Wanaopeleka maneno ya namna hiyo hawarudi wengi.

Asante, mzee wangu, kwa yote uliyonifundisha. Kula vizuri, lala usingizi, uishi miaka mingi. Na ukipata nafasi, pita nyumbani kwangu uwajulie hali watoto.