Shati Lililopanda Mlimani

Ndani ya basi la asubuhi, fundi cherehani aliketi nyuma ya dobi na mtunza bustani waliokuwa wamejuana dakika kumi tu. Akatega sikio bila haya.

"Kwetu bondeni maji ni Jumanne tu," dobi alisema. "Huku mlimani kwa bosi hayakatiki. Basi nguo za kwangu nazichanganya na zake, nafua zote."

"Mie nanyweshea majani, wanangu wanaoga kwa kikombe!" mtunza bustani akacheka. "Hawajakushtukia?"

"Juzi shati la mume wangu liliingia kabatini kwa bosi. Kalivaa kazini! Lina kiraka kiwikoni, wenzake wakadhani ndiyo fasheni. Sasa haliachi."

"Mwambie ukweli, dada. Shati la watu hilo."

"Nikimwambia, nitafulia wapi?"

"Na shemeji avae nini?"

Basi likasimama. Bosi mwenyewe alikuwa akitoka getini, kifua mbele. Fundi alichungulia dirishani, akakitambua kile kiraka. Alikishona yeye mwenyewe, kwa kipande cha pazia lake la jikoni.