X Tatu za Bi Enid

Basi lilipopita jengo la iliyokuwa halmashauri ya wilaya ya Harrowmere, Bi Enid aligeukia dirisha. Mzee aliyeketi naye, wala hawajuani, akasema, "Humo nilihesabu kura za mwisho, mama, kabla halmashauri haijavunjwa. Wilf Tranter alifungana kura na mgombea mwenzake, tukaokota karatasi ya bahati kwenye kopo la biskuti, akakosa, maskini. Na kura yake moja iliharibika! Mtu kaweka X tatu, kisha katia na jina lake mwenyewe, kama anamwandikia mpenzi wake!"

Enid akabana mkoba. Kwao X ni kura, na mwishoni mwa barua ni busu. Siku ile mkono wake ulijisahau. Hakuwahi kumwambia Wilf, mumewe, hadi akamzika.

"Mkaikataa kwa jina tu?"

"Sheria, mama. Kura ni siri."

"Na Tranter hakuiona?"

"Aliiona, mgombea lazima aonyeshwe. Nikadhani atawaka. Wapi! Aliiangalia weee, anatabasamu peke yake, kisha akaniomba aende nayo nyumbani. Nikamkatalia."

Basi likasimama. "Unashuka hapa, mama?" aliuliza mzee, akimpisha.

Kilikuwa kituo chake. Enid hakuinuka. "Hebu niambie tena," alisema, "alivyotabasamu."