Makaratasi Niliyoyaweka Kikapuni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nasimama mbele yenu nikiwa mimi mwenyewe, na kuna wakati nilishindwa kuthibitisha hilo! Mnanijua kama Mama Riziki, fundi wa cherehani pale njia ya sokoni, mtu wa Bukavu. Majina yangu mengine sitayataja. Tarehe yangu ya kuzaliwa sitaitaja. Namba ya faili letu ndiyo kabisa, msiniulize! Mchungaji anacheka pale, lakini sababu anaijua. Nanyi mkinisikiliza mpaka mwisho mtaijua, na nadhani wengine mtatoka hapa haraka mkaangalie mikoba yenu.

Nianze kwa kuungama kwamba mimi ni mwoga. Tulipofika hapa Malawi, kambi hii ya Dzaleka, miaka ile ya elfu mbili, tulikuwa na sufuria moja na nguo za mwilini. Tulichopewa cha kwanza, kabla hata ya turubai, kilikuwa karatasi. Na mlioishi hapa mnajua karatasi ni nini kwetu. Bila kadi hakuna mahindi wala maharagwe. Bila kadi, ukikutana na polisi kwenye barabara ya Lilongwe, wewe si mtu. Kwa hiyo nilizitunza karatasi zetu ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya begi, begi chini ya kitanda. Mvua ikinyesha, nilikuwa naangalia begi kwanza, kisha watoto. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka ikapita, faili letu limelala ofisini. Siku moja tukaitwa, tukapewa barua. Ilisema tumeingia kwenye prosesi ya kuhamishiwa nchi nyingine, tusubiri kupigiwa simu kwa ajili ya mahojiano. Ndugu zangu, nilitoka na barua ile nikiwa sioni njia! Ndani yake tulikuwamo wote, mimi, mume wangu na watoto watatu, kila mmoja na majina yake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa, na juu kabisa namba ya faili.

Sasa mnakumbuka desturi yetu ya wakati ule. Mtu akipata barua kama hiyo, Jumapili alipanda mbele kushuhudia, akaisoma yote kwa sauti ili adui aaibike. Kisha fotokopi za makaratasi yake zikawekwa kwenye kile kikapu kikubwa mbele ya madhabahu, kanisa zima likayaombea katika mfungo. Kikapu kilijaa mpaka kikawa hakifungiki. Hatukuona ubaya, tulikuwa tunamwekea Bwana haja zetu mahali atakapoziona.

Jumamosi yake mume wangu alinikuta natafuta kitenge cha kuvaa. Yeye ni mtu wa maneno machache.

"Mama Riziki," akasema, "ile barua uiache ku nyumba. Kanisa njo kanisa, biro njo biro." Biro kwetu ni ofisi.

"Baba Riziki, we iko na imani kidogo sana!" nikamjibu. "Mungu anatutendea, na mi ninyamaze?"

Kesho yake nikapanda mbele. Nikasoma barua yote, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, na namba ya faili nikaisoma mara mbili kwa furaha. Akina mama wakapiga vigelegele! Simu zenye kamera zilikuwa zimeanza kuingia kambini, na ndugu mmoja wa protokole, wale wanaopokea watu mlangoni na kuwapangia viti, akainua yake apige picha. Nami nilifanya nini? Niliigeuza barua upande wake, nikaishika sawasawa isitikisike, ili picha itoke vizuri!

Kisha nikaweka fotokopi kikapuni. Barua, kadi ya chakula, hata vyeti vya watoto. Ndugu yule wa protokole akazipokea kwa mikono miwili.

Tukaanza kusubiri simu. Nilishona huku simu imelala juu ya meza ya cherehani. Nilikwenda chooni nayo. Chaji ikiisha, sikumwachia kijana wa kuchaji kama watu wengine, nilikaa pale pale kibandani mpaka ijae. Mwezi, miezi, kimya. Nikawaza kwamba nimemkosea Mungu mahali fulani. Nikaongeza kufunga. Mwili ukapungua, nguo zangu mwenyewe nikawa nazipunguza kwa cherehani.

Siku ya kugawa chakula nikasimama kwenye mstari na gunia langu kama kawaida. Nikafika mezani, karani akatazama kadi yangu, akatazama daftari, akaniambia kadi hiyo imefutwa. Eti niliripoti kwamba imepotea na nikapewa mpya. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwonyesha, kadi si hii hapa mkononi? Walio nyuma yangu wakaanza kunung'unika nitoke. Nikatoka na gunia tupu.

Nikaenda ofisini mbio, kwa miguu, jasho linanitoka. Mkalimani, mtu wetu anayeongea kama sisi, akaangalia faili pamoja na karani wa ofisi, wakasemezana, kisha akanigeukia.

"Mama, benye hii faili balikwisha kufanya interviu ya kwanza kule Lilongwe. Namba ya simu balibadirisha benyewe. Banaishi kulekule sasa, mtaa ya Chilinde."

"Benye faili ni miye!" nikapiga kelele.

Akaichukua kadi yangu, akaigeuza. "Sasa we, mama, njo nani?"

Ndugu zangu! Nimekimbia vita, nimevuka nchi, lakini swali lile sikuwa nimewahi kuulizwa. Nilikuwa na nini cha kumwonyesha? Kadi za wakati ule hazikuwa na picha. Alama za vidole hazikuwa zimeanza. Nilikuwa na karatasi, na wale wa Chilinde walikuwa na karatasi zilezile, tena mpya kuliko zangu. Wakatuambia familia zote mbili zitaitwa Lilongwe siku moja. Watakaoonekana waongo watafutwa kabisa, faili, kadi, kila kitu.

Wiki tatu za kungoja siku ile, sikuwa mzima. Kila aliyenisalimia nilimshuku. Mtu akiuliza watoto hawajambo, najiuliza anataka kujua nini. Nilikaa najikariri mwenyewe kama mwanafunzi, nilizaliwa lini, Riziki alizaliwa lini, wa pili lini, wa tatu lini, na kadiri nilivyokariri ndivyo tarehe zilivyochanganyika. Nilimwogopa mume wangu pia, nikingoja aniambie kwamba alinionya. Hakuniambia hata mara moja. Aliketi tu karibu yangu na kunichambulia maharagwe, na hilo liliniumiza kuliko kugombezwa. Nikalia mbele za Mungu, nikamwambia, "Bwana, nilikusifu kwa sauti kubwa, mbona umeniacha niibiwe katika nyumba yako?"

Siku ikafika. Lilongwe, asubuhi, tumekaa kwenye banda la mabati nje ya ofisi, watu wengi wa kila kabila. Mlinzi akatoka na orodha, akasoma jina langu.

Nikasimama. Na mbele yangu, benchi la tatu, mwanamke mwingine akasimama.

Alikuwa rika langu, amejifunga kitenge kizuri. Akamvuta binti yake mkono, akamwambia, "Riziki, simama." Na Riziki wangu, aliyekuwa kando yangu, akasimama pia. Wasichana wawili wakatazamana! Mlinzi akatutazama sote wawili, akasema kwa upole, "Pepani, mayi," yaani poleni, kisha akamwingiza yule mwenzangu kwanza.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakunitazama. Nikaingia.

Ofisa aliuliza, mkalimani akatafsiri. Majina ya wazazi, mtaa tuliokaa Bukavu, watoto kwa mfuatano. Nikajibu, na tarehe ya mtoto wangu wa pili nikaikosea! Niliisikia ikitoka kinywani ikiwa mbaya, nikairudia, nikaikosea tena. Ofisa akaandika. Nilijua kwamba yule mwenzangu hakuikosea, maana alinisoma mimi vizuri kuliko ninavyojijua. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, watoto wangu nimewafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ofisa akatoka. Aliporudi alikuwa na folda ya zamani, kingo zimechakaa, karatasi zimeandikwa kwa kalamu. Ilikuwa ya siku ileile tuliyofika Malawi. Akaifungua, akaisoma polepole, akauliza swali moja.

"Siku ya kwanza ulipoandikishwa, ulitaja mtu mwingine ambaye hakufika. Ni nani?"

Ndugu zangu, kabla ya Riziki nilikuwa na mtoto. Wengi wenu mnasikia leo kwa mara ya kwanza. Hakufika. Tulimwacha njiani, na mahali tulipomwacha ninapajua. Siku ya kuandikishwa walituuliza, tukasema, wakaandika. Tangu siku ile sikulitamka jina lake tena. Sikulisema kanisani wala kwa majirani, na nyumbani mimi na mume wangu hatukulitaja hata tukiwa wawili. Halikuwa kwenye barua. Halikuwa kikapuni.

Nikalisema jina lile. Sauti ilitoka nzima, sijui kutoka wapi. Nikasema mahali, nikasema tulimfunika na nini. Mkalimani akajifuta uso, kisha akatafsiri.

Wakaniambia nikae kando. Wakamwita Baba Riziki peke yake, wakamuuliza hilohilo. Naye akalisema, jina lilelile, mahali palepale, kitenge kilekile cha kijani. Miaka yote ile nilidhani amesahau! Wale wengine waliitwa tena, wakaulizwa pia. Mke akasema hakuna mtu mwingine, mumewe akasema hakuna.

Haleluya! Mungu alikuwa amelihifadhi jina langu ndani ya jina la mtoto wangu, mahali ambapo mwizi hakuweza kuingia kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimepafungua.

Tulipotoka, yule mwanamke alikuwa chini ya ukuta, analia na binti yake. Nilikwenda kwake na hasira, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeandaa maneno. Akaniwahi.

"Mama, unisamehe. Balituambia benye hii faili balikufaka mu njia. Mi nilikuwa nakuombea wewe, upumzike."

Alikuwa ananiombea kama marehemu! Maneno yangu yote yakanipotea. Maisha yetu waliyanunua kwa yule ndugu wa protokole, ambaye alikuwa amekwisha kuhama kambi bila kuaga mtu. Mwanamke yule sijui yuko wapi. Bado namwaza.

Sasa najua wengine mnauliza, mbona Mama Riziki bado yuko hapa? Niko. Faili letu lilirudishwa, tunangoja kama ninyi. Lakini tunangoja kwa majina yetu, na kadi yetu inaitwa yetu mezani.

Ndugu zangu, nawasihi kwa machozi. Barua ikija, mshukuru Mungu, mseme ametenda, na msiisome namba. Mtu akitaka kuipiga picha, hata awe amevaa suti ya kanisa, mkatalieni. Kule sokoni kwenye fotokopi, karatasi ikitoka imeharibika, usiiache pale, idai, ichane. Mtu akikupigia simu akisema ni wa ofisi, akakuomba tarehe na namba ili akuharakishie, mwambie utakwenda ofisini mwenyewe kwa miguu yako. Na kadi ikipotea, ripoti siku hiyohiyo, usingoje kwanza ufunge na kuomba. Mimi nilikaa kimya miezi mingi nikidhani najaribiwa imani, kumbe mtu alikuwa anaishi Chilinde kwa jina langu.

Mchungaji alitubu mbele yetu sote, nami nilitubu, maana hakuna aliyenilazimisha. Kile kikapu sasa kinawekewa unga wa wajane, na kinafaa sana kwa kazi hiyo. Mungu aliyelijua jina la mtoto niliyemnyamazia miaka yote ile, hahitaji fotokopi. Kama uko hapa na unaogopa kwamba umesahaulika, mwamini yeye. Anakujua hata siku utakayokosea tarehe zako mwenyewe.

Simameni tuombe. Makaratasi yabaki mifukoni, tuinue mikono tu. Nami nainua huu mmoja. Huu mwingine mniwie radhi, umeshika mkoba.