Dkt. Katarina Chilongola, Aliyeuliza Tena Njiani

Ndugu waombolezaji, mlioshuka kutoka milima ya Lumuma, mliotoka Kimamba na Mikumi, na majirani wa hapa Kidete mliolala nasi matangani, poleni na asanteni; mimi ni Yohana, mtoto wa kaka yake marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya shangazi yangu, Dkt. Katarina Cleopa Chilongola.

Shangazi alizaliwa hapa Kidete tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Cleopa, fundi wa njia ya reli, na marehemu Bibi Filomena, mkulima. Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1971, akasoma sekondari mjini Morogoro kuanzia 1978 hadi 1981, kisha akasomea uuguzi Dodoma, akahitimu mwaka 1985 na kupangiwa kazi Kilosa mjini, ambako kwa miaka kumi na mitatu aliwapima watu presha, akawapa vidonge, akajiuliza kwa nini wengi hawavimezi.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Mwalimu Lucas Mgonela, wakajaliwa watoto wawili, Happiness mwaka 1990 na Innocent mwaka 1994, na wajukuu wanne, ambao watatu wametulia hapa mbele na wa nne, kama mnavyomsikia, bado hajajifunza.

Swali la vidonge ndilo lililomrudisha darasani: mwaka 1998 alikwenda Dar es Salaam kusomea saikolojia, akapata shahada ya kwanza mwaka 2001 na ya uzamili mwaka 2005, na mwaka 2007 akaanza Shahada ya Uzamivu katika saikolojia ya afya, elimu inayochunguza jinsi mawazo, hofu na mazoea ya mtu yanavyogusa mwili wake. Alizunguka wilaya nzima na dodoso lake, akahoji wagonjwa wa presha mia tatu na arobaini, na swali la kwanza lilikuwa, hali yako ikoje tangu uanze dawa. Aliyejibu nzuri, karatasi ilimrusha maswali mengine yote mpaka ukurasa wa mwisho, na waliojibu nzuri walikuwa mia tatu thelathini na mmoja.

Mwezi Septemba 2009, Kimamba, alimhoji Bi Mwamvua, mama wa miaka sabini, ambaye naye alijibu nzuri, wakaagana, na kwa desturi yetu Bi Mwamvua akatoka kumsindikiza mgeni, na walipofika kwenye reli akasema kwamba miguu inavimba, kichwa kinagonga, na vidonge ameviacha tangu kupanda mahindi kwa sababu vinamtoa shambani kwenda haja ndogo kila mara.

“Mama, mbona ndani umeniambia nzuri?”

“Ndani si ulinisalimia, mwanangu? Nami nikaitikia. Nani anaitikia salamu kwa kulia? Na hiyo karatasi yako ina haraka, haingoji mtu amalize!”

Shangazi alirudi nyumbani akajua kwamba miaka miwili alikuwa amekusanya salamu. Angeweza kunyamaza, kwani msimamizi wake alikwisha kuyasifu matokeo, na kuanza upya kulimaanisha kwamba muda wa masomo ungemwishia na pengine asiipate shahada kabisa, lakini alimwandikia msimamizi ukweli wote. Mwalimu Lucas alimtania, “Kata, utazeeka na hilo dodoso,” halafu akamjazia baiskeli yake upepo.

Januari 2010 alianza upya, nyumba kwa nyumba, akiuliza ndani na kuuliza tena akisindikizwa, na watu mia mbili na wanne waliosema ndani kwamba wanameza dawa walikiri njiani kwamba wameziacha. Aliomba muda uongezwe mara mbili, akakubaliwa, na tarehe 21 Novemba 2014, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alitunukiwa shahada yake. Alifundisha chuoni miaka minne, kisha mwaka 2018 akaomba kurudi wilayani, akaanzisha kliniki ya presha ya kila Alhamisi Mikumi, ambako hata baada ya kustaafu, Machi 2023, aliendelea kuwafundisha wauguzi kumsindikiza mgonjwa hadi getini.

Mwezi Agosti 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Mikumi na Morogoro, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi jioni, alitutoka akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, wanafunzi wake na wafanyakazi wenzake, na Bi Mwamvua, ambaye kwa umri wake amekuja kwa bodaboda, na amemgombeza dereva njia nzima.

Shangazi aliacha agizo moja la mazishi, nalo ni kwamba kliniki isifungwe. Kwa hiyo wauguzi mlio na sare hapo nyuma, gari lenu litaondoka mara tu mashada yatakapowekwa, maana kesho ni Alhamisi, na ikifika saa mbili asubuhi watu watakuwa wamekwisha kuketi kwenye benchi.

Pumzika kwa amani, shangazi. Wagonjwa wako watapokelewa.